Kanuni ya Wanaobipu

4 Machi

Kidole,

Huna adabu. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu salamu ni ya watu waliobisha hodi, na wewe hukubisha. Umeingia kwangu, ukazima taa, ukatoka.

Jumatatu asubuhi lori la maziwa lilipotoka mjini, dereva Breki alinibipu mara moja kama kawaida, maana yake anakuja. Nikachukua simu niwabipu kina mama, nao watoke na madumu yao. Mpango huu unaujua, umekulia ndani yake. Bipu moja, leta maziwa kituoni. Bipu mbili, lori limekwama, yaache kivulini. Hakuna anayepokea, hakuna anayelipa, na hakuna maziwa yanayosubiri juani. Sijafika hata nusu ya kina mama, simu ikaniambia kwa sauti ya binti mwenye mafua kwamba laini yangu imefungwa kwa "matumizi yasiyofaa". Mimi. Nimezika mume, nimelea watoto na watoto wa watoto, hakuna aliyewahi kuniambia neno kama lile usoni.

Waliobipiwa wakaja. Wasiobipiwa wakakaa nyumbani wakingoja, maana walijua bibi akinyamaza lori halijatoka. Breki akachoka, akaondoka na tangi nusu. Kufika mchana maziwa ya wale wengine yamekatika, tukawapa mbwa.

Sasa sikiliza kilichoniuma. Jioni tunaosha madumu, redio ikasema kuna kanuni inajaribiwa ya kuzuia wanaobipu ovyo, imeandikwa na kamati ya wahandisi inayoishauri serikali mambo ya simu. Wakamtaja mhandisi kijana aliyeiandika. Wakataja jina lako na la baba yako. Mjomba wako akaruka akapiga makofi, akasema huyo ni wetu. Kituo kizima kikanigeukia. Mimi, niliyewachosha watu masikio kwa kuwaambia mjukuu wangu anaielekeza serikali.

Mchuma janga hula na wa kwao. Haya, tumekula.

Usinipigie kwa simu ya mjomba wako, nimemkataza kupokea. Nataka uandike, usije ukaniambia mtandao ulikatika. Barua mpe Breki, anapaki nyuma ya kiwanda cha maziwa.

Bibi yako, aliyekuita Kidole kwa sababu ulitia kidole kwenye kila kitu. Naona hujaacha.


9 Machi

Shikamoo Bibi,

Najua hutaitikia. Naiweka hapo, utaichukua hasira zikipoa.

Ni kweli, kanuni ile nimeiandika mimi. Lakini nisikilize. Unakumbuka mjomba alivyobipiwa na namba asiyoijua, akapiga akidhani ni yule mjane wa dukani, salio lote likaisha kabla hajasema haloo? Wizi huo umekuwa mkubwa. Mtu anaweka mashine, inabipu maelfu ya watu, wao wanapiga ili wajue ni nani, na kila anayepiga anakamuliwa. Wanaoibiwa ni watu kama mjomba. Kamati yetu ikaambiwa itafute dawa. Nikaandika kwamba laini ikibipu watu wengi kwa muda mfupi, bila simu hata moja kupokelewa, ifungwe.

Kwenye kompyuta ilionekana safi kabisa. Tatizo ni kwamba mle ndani wewe na mwizi mnafanana kama shilingi kwa ya pili. Wote mnabipu wengi, wote hampokelewi. Nimeamshwa na bipu zako miaka yote zaidi ya jogoo, Bibi, na bado nilipokaa kuandika sikukukumbuka. Nilikuwa nafikiria mitambo. Na sehemu za majaribio zilichaguliwa na kampuni ya simu, sikujua kwamba kwetu ni mojawapo mpaka nilipopata barua yako.

Ila usijali, nimelimaliza. Nina rafiki pale kwenye kampuni, tulisoma naye. Ameitoa namba yako kwenye kichujio, yaani ule mtambo unaochagua laini za kufunga. Kesho itafunguka. Bipu upendavyo, hakuna atakayekugusa. Tafadhali usimwambie mtu, hata rafiki yako Mama Pacha, kwa sababu haikupaswa kufanyika hivyo.

Kikao cha mwisho ni tarehe 28. Wakiipitisha, kanuni inakwenda nchi nzima. Nitajaribu kusema kitu kuhusu watu kama ninyi.

Mjukuu wako na mke mwenzako,
Kidole


13 Machi

Mpwa wangu,

Mama akijua nimekuandikia, ile sufuria kubwa niliyoahidiwa nitairithi kichwani. Kwa hiyo soma, chana.

Laini yake imefunguka. Najua kwa sababu iliita, mimi nilikuwa hapo, nikafurahi nikasema afadhali. Yeye akaitazama kama amekuta nyoka kwenye kikapu, akaizima, akatoa betri, akaitia yote kwenye kopo la majani ya chai. Nimemuuliza kwa nini, amenijibu nikachote maji.

Sasa kila asubuhi anapita nyumba kwa nyumba kwa miguu kuwaambia watu lori linakuja. Breki anampigia mwenye duka, mwenye duka anamwita, yeye anaanza safari. Juzi umande ulikuwa mwingi, akateleza kwenye mteremko wa mtoni akaangukia goti. Limevimba kama tikiti. Nimemwambia anipe mimi kazi hiyo, akasema mimi nikitumwa kuita watu watatu ninakaa kwa wa kwanza mpaka chakula. Jambo hilo lilitokea mara moja tu.

Sijui umemwandikia nini. Redio wanakusifu, lakini hapa nyumbani jina lako halitajwi ila anapopiga kuni shoka. Fanya jambo, mwanangu. Mtu wa umri wake hawezi kukimbizana na lori.

Mjomba wako


14 Machi

Kidole,

Bado sijaitikia. Ulidhani utanipa laini halafu nitasema ahsante mjukuu wangu, Mungu akuzidishie. Sikiliza nikwambie ulichonipa.

Mama Pacha wa ng'ambo ya bonde anafanya kazi kama yangu kwenye kituo chao. Laini yake ilifungwa siku ileile na yangu. Yeye hana mjukuu mhandisi. Ana wale pacha wake, na mmoja hata mbuzi anampotea. Juzi tumekutana njiani amebeba viatu mkononi, matope hadi magotini, naye anazunguka kwa miguu kama mimi. Akaniuliza, "Mwenzangu, yako wamekufungulia?"

Nikamwambia simu yangu haina betri. Si uongo, nilikuwa nimeitoa. Lakini nilirudi nyumbani nikijisikia kama nimebeba kuku wa mtu chini ya kanga.

Umri huu, Kidole. Umenifanya nijifiche kwa Mama Pacha, mtu tuliyefua naye nguo za kuzaliwa kwa mama yako.

Hivi ulivyosoma kote huko, hujawahi kumwona yule karani anayewapitisha ndugu zake uani huku watu wamejipanga mlangoni? Wewe mwenyewe ulikuwa unamtukana ulipokwenda kutafuta cheti. Sasa umekuwa yeye, tofauti ni kwamba una kompyuta. Kanuni nzuri ingenibana mimi na yule mwenzangu sawasawa, au ingetuacha sote. Yako inawabana wasio na mtu mjini.

Na hilo neno lako, eti utajaribu kusema kitu. Aliyechoma nyumba hasemi atajaribu kuleta maji.

Irudishe namba yangu kwenye hilo chujio lenu. Nikifungwa, nifungwe na wenzangu. Simu itakaa kwenye kopo mpaka siku laini ya Mama Pacha itakapofunguka.

Bibi yako

Na mjomba wako amekuwa mpole sana wiki hii, anachota maji bila kutumwa. Ana jambo amefanya, nitalijua.


19 Machi

Shikamoo Bibi,

Namba yako nimeirudisha. Rafiki yangu amenishangaa, akaniuliza ni bibi gani huyo anayeomba kufungiwa simu. Nimemwambia hata mimi ndiyo kwanza namjua.

Nimesoma barua yako mara nyingi, halafu nikaenda kukaa na rekodi za majaribio, siyo kwa jicho la kuonyesha kwamba nimefaulu bali kutafuta wapi mnatofautiana na mwizi. Nimepapata. Mwizi anabipu wageni. Leo hawa, kesho wengine, na hakuna hata mmoja anayembipu yeye. Wewe unabipu watu walewale kila siku, nao siku nyingine wanakubipu wewe, ng'ombe anazaa au mtoto anaumwa. Kwa hiyo tusihesabu bipu. Tuhesabu wageni. Nimepitisha hesabu hiyo kwenye rekodi, na mashine za wizi zinanaswa vilevile huku kina mama wa maziwa wanapita. Wapo pia mafundi wanaobipu wateja kwamba kazi iko tayari, na mtu mmoja ambaye nadhani ni mwalimu wa kwaya.

Nina hakika na hesabu hii, Bibi. Nisicho na hakika nacho ni kikao. Mwenyekiti wetu ni mzee wa minara, amepanda minara tangu kabla sijazaliwa, hapendi maneno. Mwakilishi wa kampuni za simu hataki kusikia bipu hata moja. Kwake kubipu ni kupita kwenye daraja lake bila kulipa, kwa hiyo wezi wamempa kisingizio kizuri. Nikisimama peke yangu na jedwali, atalitafuna.

Ndiyo maana nakuomba uje. Nitatuma gari, utakaa mbele, najua kuhusu goti na usiniulize nimejuaje. Useme mwenyewe kilichotokea kituoni. Wakikuona, watalainika.

Kuhusu namba yako kutolewa na kurudishwa, nafikiri nisilitaje. Wakijua, watanitoa kwenye kamati, na hesabu yote itatoka pamoja nami. Nani atafaidika?

Nijibu mapema.

Kidole


22 Machi

Kidole,

Siji.

Goti si sababu. Hata lingekuwa zima nisingekuja. Mimi si mbuzi wa mnadani nisimamishwe mbele za watu waniangalie meno. Nikija na fimbo yangu na kanga yangu, hao wakubwa watasema pole mama, watanipa soda, na huyo wa kampuni ataahidi kunifungulia laini yangu mimi, mbele ya picha. Halafu? Tutakuwa palepale uliponiweka, mlango wa uani, safari hii na soda.

Sitaki walainike. Wakilainika leo watakauka kesho. Nataka washindwe kukujibu.

Hiyo habari ya kuhesabu wageni, nusu yake sikuielewa na sitajifanya. Niliishia darasa la tatu, na mwaka huo wa tatu nilikuwa nachunga zaidi ya kusoma. Nilichoelewa ni kwamba umeliangalia jambo kwa pande zote na una hakika. Basi hiyo ni kazi yako, si yangu. Mimi niwaite watu wa maziwa, wewe upigie hesabu simu zao, kila mtu na dumu lake. Tulikusomesha ili siku kama hiyo usihitaji kuleta bibi.

Sasa hilo unalotaka kulificha. Mficha uchi hazai. Huyo rafiki yako wa kampuni anafanya kazi kwa nani? Kwa huyohuyo mwakilishi. Unadhani siri hiyo italala kwake mpaka lini? Wewe utasimama na hesabu yako nzuri, yeye atasubiri umalize, kisha atasema mhandisi huyu anawapendelea wanaobipu kwa sababu bibi yake anabipu, na aliwahi kumfungulia kwa siri. Hesabu itakufa hapo hapo, na Mama Pacha atabaki na miguu yake. Jambo hilo likitoka kinywani mwake ni wizi. Likitoka kinywani mwako kwanza, ni ushahidi.

Umeniuliza nani atafaidika ukitolewa. Mimi nakuuliza, ukibaki humo kwa kunyamaza, nani atafaidika?

Simama, sema lako baya kwanza, halafu toa hesabu. Usilie. Vaa viatu vya chini, ukivaa vile virefu unasimama kama unayetafuta pa kukaa.

Bibi yako

Mjomba wako nimeshamshughulikia. Sufuria nimempa Breki.


29 Machi

Shikamoo Bibi,

Nilivaa vya chini.

Mwakilishi wa kampuni alisema kwanza. Alisema majaribio yamefaulu, laini mbovu zimefungwa, mtandao umepumua, kwa hiyo kanuni ipite kama ilivyo, na akanisifu mimi kwa jina mbele ya wote. Bibi, hapo ndipo nilipokaribia kunyamaza. Kusifiwa na mtu unayekuja kumpinga ni jambo zito, linakubana mdomo.

Nikasimama, nikasema kanuni hiyo ilimfunga bibi yangu, ambaye hajamwibia mtu maishani, nami nilipojua nikamfungua yeye peke yake kupitia uani, akakataa, nikamrudisha. Mtu akazima hata feni, sijui kwa nini. Mwakilishi akasema basi nitoke, nina masilahi binafsi katika jambo hili. Wajumbe wengine wawili wakamuunga mkono kwa kichwa.

Mwenyekiti akavua miwani, akaniuliza, "Mhandisi, mbona unatuambia sasa?"

Nikamwambia, "Kwa sababu mwandishi wa kanuni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuikimbia. Kanuni ya namna hiyo msiipitishe."

Akavaa miwani yake tena. Nilidhani anatafuta maneno ya kunitoa. Akasema, "Onyo lako utalipata kwa maandishi. Sasa tuonyeshe hesabu."

Nikawaonyesha. Sikuwaambia waniamini, niliwaomba wanipe laini yoyote iliyofungwa, waichague wao, tuipime kwa njia zote mbili pale pale ukutani. Wakachagua, wakachagua tena. Mwakilishi naye akachagua moja aliyokuwa na uhakika ni ya mwizi. Ilikuwa ya mkunga. Anabipu waume waje kuwachukua wake zao, nao walishambipu yeye kwanza uchungu ulipoanza. Baada ya hapo hakuchagua tena, akarudi kwenye hoja yake kwamba bipu hazilipi. Mwenyekiti akamjibu kwamba kikao kimeitwa kuhusu wezi, na kama ana shida na watu maskini, aandike kanuni yake, aitie sahihi mwenyewe.

Kwa hiyo imepita, Bibi. Tunahesabu wageni, hatuhesabu bipu. Laini haitafungwa kabla mwenyewe hajapelekewa ujumbe na kupewa siku tatu za kujieleza. Na zote zilizofungwa kwenye majaribio zinafunguliwa Jumatatu, zote kwa pamoja, ya Mama Pacha, ya mkunga na yako.

Onyo nimelipata, limo kwenye faili langu. Kanuni inayofuata, ya minara, sitaiongoza, nitakaa pembeni kama mjumbe tu. Imeniuma, lakini siyo kama nilivyofikiri. Nikitembea korido ya pale kazini sasa nasikia visigino vyangu na siogopi.

Kazi moja bado wameniachia, kusimamia ule ujumbe atakaopelekewa mtu kabla ya laini kufungwa. Mwanasheria wetu ameuandika hivi: "Mteja, laini yako imebainika kuwa na mwenendo wa miito isiyokamilika unaokiuka vigezo vilivyowekwa. Wasilisha utetezi wako ndani ya saa sabini na mbili." Utaanza kutumika katikati ya Aprili.

Umefurahi?

Mke mwenzako,
Kidole


4 Aprili

Kidole,

Marahaba. Hiyo ni ya barua zote.

Jumatatu nilikaa kituoni na kopo mapajani, sikulifungua. Nikangoja. Jua limeshatoka vizuri, nikasikia kina mama wanapiga kelele kwa njia ya bondeni, nikajua ng'ambo wameitwa, Mama Pacha kafunguliwa. Hapo ndipo nilipotia betri. Breki alikuta watu wamejipanga na madumu, akasema leo mmekuja wengi kama mna arusi. Tangi lilijaa mpaka mfuniko ukagoma. Mama Pacha nimemweleza yote baadaye, tangu ile laini ya uani. Alininunia kama nusu siku hivi, kisha akaomba nikwambie pacha wake mmoja anatafuta kazi ya kupanda minara. Si yule anayepoteza mbuzi. Sikumwahidi kitu, nawe usimwahidi, aombe kama watoto wa wenzake.

Umeniuliza kama nimefurahi. Swali la kijinga. Mjomba wako amemsimulia kila mtu habari ya kikao chako kana kwamba alikuwemo, na kila akiisimulia mwakilishi anazidi kuwa mnene. Mimi nakaa pembeni naosha madumu, simrekebishi.

Onyo liache kwenye faili. Ulilipata kwa kosa ulilofanya kweli, na ukalisema kwa mdomo wako. Wapo wakubwa wenye mafaili meupe ambao sitawakaribisha hata maji.

Ila usidhani umemaliza. Huo ujumbe wa mwanasheria wenu nimeusoma. Nimemsomea Mama Pacha, nimemsomea mjomba wako, nimemsomea mwenye duka anayejifanya anajua kila kitu. Mwenye duka alisema mtu huyo anadaiwa. Mjomba wako alisema ameshtakiwa kwa ulevi. Mama Pacha aliniomba nisiusome tena, unamtia homa. Miito isiyokamilika ni nini? Saa sabini na mbili ni saa za nani? Utetezi anauwasilisha wapi, kwa nani, kwa namba gani? Mtu akipata ujumbe huo ataogopa, atauficha, siku tatu zitapita, na laini itafungwa kama ilivyofungwa yangu. Tofauti itakuwa kwamba safari hii mtasema mlimwambia.

Kwa hiyo ukishaisoma barua hii, usile kwanza. Uchukue ujumbe huo, uufute wote, hata koma usiache. Ukae uandike upya: laini yako inabipu watu wengi tusiojua kama unawajua, tumeshuku wizi, kama wewe si mwizi, piga namba hii bure kabla ya siku fulani, useme unambipu nani na kwa nini. Upange vizuri kuliko mimi, wewe ndiye uliyesoma. Halafu mpigie mjomba wako, nimemruhusu kupokea, umsomee taratibu mara moja tu. Akikuuliza maana yake nini, chana, anza tena.

Bibi yako